Jina Nililompa Mama Mkweo

Siku ya 2, Jumatatu

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako sijaisikia tangu mwezi wa kwanza, lakini naipokea hivyo hivyo, maana najua ipo. Baba yako anakusalimu, mkasi mkononi. Asubuhi amemnyoa mtu nusu kichwa, umeme ukakatika, mteja akavaa kofia akaondoka, amesema atarudi umeme ukirudi. Bibi yako anakusalimu. Sikio la kulia limeziba kabisa, la kushoto linasikia yale tu yasiyomhusu. Mdogo wako anakusalimu na anasema daftari hili ni lake la hesabu nimelichukua bila ruhusa, kwa hiyo ukiona mafungu ya saba huko nyuma ujue si mwandiko wangu. Paka anakusalimu, yuko juu ya kitanda chako, nimemfukuza mara mbili. Msalimie mumeo. Msalimie na huyo aliye tumboni, mwambie asikupige teke sana, wewe ulinipiga mpaka nikakojoa njiani.

Nikipiga simu nalia. Nikilia unasema mtandao mbaya. Basi naandika. Niliishia darasa la nne, utanivumilia. Dereva wa lori la saruji anayekuja huko kwenye kambi yenu ya ujenzi ameahidi kulibeba daftari mvua zikipungua.

Neno lako la mwisho ninalo kichwani kama msumari. "Mama, mtoto wangu hatazaliwa katikati ya mabibi wawili wasiosalimiana. Mkisalimiana kwa moyo, mje. La sivyo asije hata mmoja." Nimehesabu kwa vidole, siku zako zinaangukia mwishoni mwa mvua hizi. Uzazi wa kwanza, mbali, bila mama. Nikiwaza hilo sindano inanichoma.

Kosa ni langu, nalikubali, ila mpaka leo nalikubali kwa mdomo tu. Siku ya harusi yako mama mkweo alikuja alfajiri na beseni na sabuni, akasimama mlangoni mwa jiko langu, akawaamuru wanakwaya wote waliokuwa wanapika wanawe upya, mmoja mmoja, kama wafungwa. Kisha akachukua ndoo yangu ya maji ya kunywa, nimeteka mwenyewe, akaimwaga nje. Mbele ya watu! Ndipo nikasema, na sauti yangu unaijua: "Farisayo mkubwa we! Unasugua kikombe nje, ndani kumejaa uchafu!" Kwaya ikacheka mpaka mtu akadondosha mwiko. Na jina likamganda. Sasa mtaa mzima wanamwita Farisayo, wengine hata hawajui lilianzia wapi.

Jana ilikuwa Pasaka. Mchungaji alituletea mwalimu mpya wa Biblia, msichana wa miwani mikubwa, ana umri wako. Anasema tumezoea kuisoma Biblia kama imeandikwa mtaani kwetu, wakati imeandikwa na Wayahudi, na Yesu ni Myahudi, mama yake Myahudi, chakula chake cha Kiyahudi. Anasema Wayahudi tangu Pasaka yao huhesabu siku, kila siku kwa namba yake, majuma saba, na siku ya hamsini ni sikukuu, ndiyo hiyo sisi tunaiita Pentekoste. Kwa hiyo na sisi tuhesabu, na kila Alhamisi tusome. Nami nimeanza. Leo ni siku ya pili. Usiku kucha imenyesha.


Siku ya 3

Mvua. Miavuli minne ya kutengeneza imeletwa mezani kwangu. Mmoja umekaliwa na mtu mnene, mbavu zote zimeelekea upande mmoja.


Siku ya 5, Alhamisi

Mwanangu, Mungu ana utani.

Darasa tuko kumi na wawili, chumba kile cha nyuma ya madhabahu, paa linavuja, ndoo iko katikati inalia to, to, to. Mwalimu Miwani akasema Wayahudi hawasomi kimya kimya kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Wanasoma wawili wawili, wanabishana kwa sauti. "Asiyebisha hajasoma," akasema. Mama mmoja wa kwaya akauliza, "Na tukipigana, Mwalimu?" Akajibu, "Mtakuwa mmesoma sana."

Akaandika namba kwenye vikaratasi akavitia kwenye kikombe tuchague. Mimi nikatoa sita. Nikaangalia chumbani nani mwenye sita mwenzangu. Mama mkweo kainua karatasi yake juu, hatazami mtu, anatazama ndoo.

Nikamfuata Mwalimu nikamnong'oneza, "Mwanangu, huyu na mimi hatuwezi." Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, chumba kizima kikasikia, "Basi nyinyi ndio mtakaofaidi."

Tulikuwa na Biblia moja, yangu ninaisahau nyumbani kila mara. Tukaiweka mezani katikati, imeelekea kwangu. Mimi nikaanza kusoma polepole, unanijua, kidole chini ya neno. Nilipokwama, yeye akalitaja neno kutoka ng'ambo ya meza. Anasoma juu chini! Miaka ishirini ya kufua nguo hospitalini, anasema, walikuwa wanakunja mashuka wawili wawili wakitazamana, na namba ya wodi iko upande wa mwenzako.

Hayo ndiyo maneno tuliyosemeshana leo.


Siku ya 6

Baba yako anauliza mkwewe hajambo. Nikamwambia kamuulize mwenyewe. Akasema, "Mimi naogopa kunawishwa."


Siku ya 9

Miavuli kumi na mmoja. Waya umeniishia, nimetumia spoku za baiskeli mbovu, zinafaa kuliko waya. Mdogo wako amepata thelathini na nane katika hesabu, anasema ni kwa sababu daftari lake liko kwangu.

Unakula? Usisimame sana. Bafu la kambini lina utelezi?


Siku ya 12, Alhamisi

Mwalimu aliingia akauliza, "Farisayo ni nani?" Darasa zima kwa pamoja, kama watoto wa shule: "Mnafiki!" Kisha macho yote yakamgeukia mama mkweo. Yeye akatazama kucha zake, fupi, safi, nyeupe kama mchele. Mimi nikatazama ndoo.

Mwalimu hajui habari za harusi. Akaendelea. Akasema jina lenyewe ni kama kusema waliojitenga. Wengi wao hawakuwa makuhani, walikuwa watu wa kazi za mikono kama sisi, wanafundisha mitaani, na watu wa kawaida waliwapenda. Wenye majivuno walikuwepo. "Kwaya yetu haina?" Ndoo ikajibu, to, to. Akasema Yesu aliwagombeza kwa ukali, kweli, lakini aliwagombeza kama mtu wa nyumba moja nao, wanasoma maandiko yale yale. "Mama akimgombeza mwanawe ndani, jirani anayesikiliza dirishani akiyachukua yale maneno akamtukania yule mtoto barabarani, huyo jirani tumwiteje?" Akasema watu wamefanya hivyo kwa Wayahudi karne na karne, wakawatukana, wakawaua, na maneno ya matusi wameyatoa humu humu.

Vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana, sawa. Lakini hivyo ni vyombo vya nyumba moja. Mimi nilikuwa jirani wa dirishani.

Kazi yetu ilikuwa tutafute Farisayo aliyetenda jema, tubishane. Mama mkweo akafungua Luka bila kutafuta. Mafarisayo walimjia Yesu wakamwambia ondoka hapa, Herode anataka kukuua.

Nikasema, "Labda walikuwa wanamfukuza tu."

"Mtu akikwambia kimbia, unauawa, amekufukuza?"

"Inategemea uso aliosemea."

"Uso haukuandikwa." Akafunua pengine. "Na Nikodemo? Aliyeleta manukato ya maziko?"

"Alikwenda kwanza usiku, kwa kuogopa watu."

"Wewe hujawahi kuogopa watu?"

Akageuza kurasa, akanionyesha mahali patatu, vidole vyake vitatu vimeingia katikati ya kurasa. "Mara tatu, kwa Luka peke yake, Yesu anakula kwa Farisayo. Farisayo alimkaribisha mezani." Akafunga kitabu. "Wewe ulinitoa jikoni."

Asiyebisha hajasoma. Leo sikusoma.


Siku ya 14

Muuza mkaa kapita na mkokoteni wakati mama mkweo anavuka matope, kaita, "Farisayo! Angalia usichafuke!" Hata hakuwa na ubaya, alikuwa anamwonya kwa wema. Ndilo jina analolijua. Mama mkweo akamjibu, "Asante, baba."

Anaitika, mwanangu. Miezi minane sasa anaitika.


Siku ya 16

Mvua ya mawe. Miavuli haitoshi meza, mingine nimetundika dukani kwa baba yako. Anasema wateja wanadhani amefungua kituo cha popo.


Siku ya 19, Alhamisi

Hii nitaandika ndefu. Kaa chini usome.

Somo lilikuwa lile la kunawa mikono. Tangu asubuhi nilikuwa nawaza, leo ya harusi yatafufuka. Mwalimu akasema sisi tukisikia kunawa tunafikiri uchafu, wao walifikiri utakatifu. Kuhani alinawa kabla ya kuhudumu hekaluni. Mafarisayo wakasema kwa nini utakatifu uishie hekaluni? Meza ya kila nyumba iwe kama madhabahu, na mikono ya kila mtu iwe kama ya kuhani. Mwanangu, nilipenda hapo. Nikaiona meza yetu ile yenye mguu mfupi, na mimi kuhani, na baba yako anasubiri kwa kijiko.

Tukaanza kubishana. Nikasema, "Hata hivyo Yesu aliwakemea."

Akasema, "Soma mbele. Aliwakemea wanaomwacha baba na mama na njaa, wakisema mali hii nimeshamwekea Mungu. Hakusema msinawe."

"Lakini alisema kimwingiacho mtu hakimtii unajisi."

Sikumkusudia, wallahi nimelisema kwa ajili ya kubisha tu. Akaweka mkono juu ya ukurasa. Ule mkono una mapele ya dawa za kufulia hayajapona mpaka leo. Akasema taratibu, watu wa meza ya pili hawakusikia:

"Mimi mambo ya madhabahu siyajui. Mimi najua ndoo."

Mumeo si mtoto wake wa kwanza. Ulikuwa unajua? Mimi sikujua. Alitanguliwa na msichana. Ilikuwa sherehe, ilikuwa mvua kama hizi, watu wengi, maji ya kunywa kwenye ndoo bila kikombe cha mpini. Mtu akachota kwa mkono na kikombe kidogo, mkono ukaingia majini mpaka kwenye kifundo. Yule mtoto akanywa. Tumbo lilimshika jioni, siku ya tatu akazikwa.

Nikasema, "Pole, Mkwe. Watu wengine hawana akili, anachotaje hivyo?"

Akasema, "Nilikuwa nimetoka kazini. Mashuka ya wodi ya kuhara. Nilikuwa na haraka, mtoto ana kiu."

Nilichelewa kuelewa. Tone likadondoka ndooni, jingine, ndipo nikaelewa mkono ulikuwa wa nani.

Akaendelea, kama anasoma tangazo, "Ile siku ya harusi niliona mwanakwaya mmoja anachota hivyo hivyo. Kwenye ndoo yako. Na mabibi harusi wadogo wamepanga mstari na vikombe. Ningefanyaje? Ningekaa nikuelezee historia?"

Mwalimu akapiga makofi, muda umekwisha. Watu wakafungua miavuli yao, na yote nimeitengeneza mimi.


Siku ya 20

Sikushika kazi. Nimesugua ndoo zote.


Siku ya 22, Jumapili

Ujumbe wako umefika, "Niko salama." Maneno mawili. Nimempa mdogo wako anisomee mara sita, labda kuna la tatu limejificha.


Siku ya 26, Alhamisi

Mwalimu ametufundisha juu ya siku yao ya upatanisho. Walimu wao wanasema dhambi ya mtu na Mungu, siku hiyo inaifuta. Lakini ya mtu na mwenzake, siku hiyo haiifuti mpaka kwanza umemridhisha mwenzako. Tukafungua pale Yesu anaposema acha sadaka yako madhabahuni, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako. "Mnaona? Ni sauti ya nyumba moja," akasema. Na walimu hao wakasema, anayemwaibisha mwenzake mbele ya watu ni kama amemwaga damu, tazama uso wake unavyopauka, damu imekimbia.

Nikakumbuka uso wa mama mkweo pale mlangoni na beseni lake. Ulipauka. Mimi nilidhani ni sabuni.

Mwalimu akasema, asiporidhika mara ya kwanza, urudi. Mpaka mara tatu.

Nikaandika "tatu" kwenye kiganja kwa kalamu, nisisahau.


Siku ya 27

Nilikwenda kwake. Nimenawa kabla ya kubisha hodi, kwenye bomba la nje, ili aone mikono inadondosha maji. Nikamwambia, "Mkwe, nisamehe lile neno."

Akasema, "Nimesikia."

Nikangoja. Akaniuliza kama nimetembea na viatu hivyo hivyo katika matope yale. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Nikarudi.

Baba yako anasema "nimesikia" si vibaya, yeye kwa miaka yote ya ndoa hajawahi kuambiwa hata hiyo.


Siku ya 30

Mtaro umefurika mpaka kizingiti cha kinyozi. Bibi yako amesikia kwa mara ya kwanza mwaka huu, kasema, "Ni mvua hiyo?"


Siku ya 33, Alhamisi

Leo Ruthu. Mwalimu anasema Wayahudi hukisoma kitabu hiki siku ile ya hamsini, maana ni sikukuu ya mavuno na Ruthu aliokota mavuno. Darasa likafurahi, kila mtu anampenda Ruthu. Pale anapomwambia mama mkwe wake uendako nitakwenda, akina mama wakapangusa macho.

Mimi yangu yalikauka. Nikainua mkono. Sijawahi kuinua mkono tangu darasa la nne. Nikasema, "Mwalimu, na mama yake Ruthu?"

"Vipi, mama?"

"Naomi aliwaambia warudi kila mmoja nyumbani kwa mama yake. Kwa hiyo mama alikuwepo. Yuko huko Moabu, mlango wazi, anangoja. Binti akaenda na mama mkwe. Halafu? Alimtumia hata salamu? Mbona hakuna anayemuuliza?"

Mwalimu akavua miwani akaifuta, akasema, "Sijui, mama. Hilo swali sijawahi kuulizwa." Akaliandika.

Nikaketi. Mwanangu, niandike ukweli maana daftari halina aibu. Siku ile ya harusi sikukasirikia ndoo. Nilikuwa nimekusikia asubuhi ukimwita "mama", kwa sauti ile ile yangu. Nikasema moyoni, haya, ameshapata mwingine, msafi. Neno la Biblia lilikuwa karibu, nikalirusha. Lingekuwa karibu mwiko, ningerusha mwiko.

Haya yote nilimwambia mama mkweo pale pale mezani, nikamwambia, "Kwa hiyo nisamehe tena, hii ni ya pili." Akanitazama sana. Akasema, "Mimi nilimzika wa kwangu. Nikapewa wa kwako. Ulidhani nitamshika kwa mikono michafu?"

Nikalia. Akanipa kitambaa kimepigwa pasi, pembe nne sawasawa. Kisha akasema, "Lakini Mkwe, jina ulinipa mbele ya watu. Hapa tuko wawili."


Siku ya 36, Jumapili

Wakati wa matangazo Mchungaji akauliza, kuna mwingine? Nikasimama. Kanisa lote likageuka. Nikaona kwaya, nikaona muuza mkaa ndani ya suti, nikaona mgongo wa mama mkweo umenyooka kama rula.

Nikatangaza mwavuli uliosahauliwa mezani kwangu. Mweusi, mpini wa mbao.

Nikaketi.


Siku ya 37

Watu watano wamekuja kudai mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao. Na mwavuli wenyewe haupo.


Siku ya 40, Alhamisi

Mama mkweo, kabla hata sijakaa: "Ule mwavuli umepata mwenyewe?"

Nikasema, "Bado anatafutwa."

Akacheka kwa pua. Nimemsikia akicheka, mwanangu! Tukabishana juu ya Petro mpaka Mwalimu akatuomba tupunguze sauti.


Siku ya 43

Ubavu mmoja wa mwavuli ukivunjika, saba zilizobaki huelemewa, na mtu anasema mwavuli mzima mbovu. Nilikuwa nayawaza hayo, nikajishona kidole.

Tumbo limeshuka? Likishuka usipande ngazi.


Siku ya 47, Alhamisi

Darasa la mwisho. Mvua haikunyesha, ndoo imenyamaza, tukaona chumba kimya mno. Mwalimu Miwani ametuambia amejifunza kwetu, hasa swali la mama wa Moabu. Mama mkweo ameninong'oneza, "Usivimbe kichwa." Wakati wa kutoka hakusema kingine, ila alinishika kiwiko kuvuka dimbwi.


Siku ya 50, Pentekoste

Nilikunywa maji glasi mbili nikaenda. Baba yako kaninyoa nywele za shingoni, kasema ukienda kuchinjwa uwe nadhifu.

Matangazo. Mchungaji: kuna mwingine? Nikasimama. Mchungaji, kwa upole, "Mwavuli, mama?"

Watu wakacheka, na kile kicheko kikanisaidia, kikanishika kama mkono. Nikasema, "Hapana, Mchungaji. Leo ni kitu nilichochukua cha mtu. Nimechukua jina."

Nikasema yote. Kwamba mimi ndiye niliyemwita mama huyu Farisayo, jikoni, siku ya harusi ya watoto wetu, kwa wivu wangu, si kwa Biblia. Kwamba Farisayo sikumjua ni nani, nikalitumia jina la watu wa Mungu kama ganda la ndizi nimtelezeshee mwenzangu. Kwamba alimwaga maji yangu ili watoto wenu waliopanga mstari na vikombe wasiumwe, na hakuna hata mmoja aliyeumwa, mnaweza kuwaona wamekaa hapo. Habari ya ndoo yake mwenyewe sikuigusa, hiyo ni yake. Nikasema, "Ana jina. Ni Mkwe wangu. Anayetaka kumwita lile lingine, aniite mimi." Nikamgeukia. "Mkwe, nisamehe."

Akainuka. Akaja katikati ya njia, polepole, kiatu kinalia kwi kwi kwenye sakafu. Akasimama mbele yangu. Akauliza, kanisa lote linasikia:

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Mwalimu alisema mpaka mara tatu..." Nikamwonyesha kiganja. Kila asubuhi nilikuwa nalirudia kwa kalamu lile neno, lisifutike.

Akakishika kiganja changu akakisoma, juu chini. Midomo ikaanza kumcheza.

"Siku umehesabu, mara umehesabu, sheria umeifuata mpaka nukta ya mwisho," akasema. "Mkwe, Farisayo ni wewe!"

Kanisa likalipuka. Bibi yako, hasikii kitu, kapiga kigelegele kwa kuona tu. Mama mkweo akanikumbatia, ananukia sabuni, na sikioni akasema, "Nimekusamehe tangu ile ya pili. Ya tatu nilitaka tu kuona kama utafika."


Siku ya 51

Siku hii haimo katika hesabu ya Mwalimu, naiongeza mwenyewe.

Muuza mkaa amepita. Akamwona mama mkweo amekaa mezani kwangu ananishikia mbavu nikifunga uzi. Akafungua mdomo, akafikiri, akaona alitumie hivyo hivyo, "Habari za asubuhi, Mafarisayo!" Tukaitika wote wawili.

Sasa sikiliza. Dereva anaondoka kesho kutwa na daftari hili, na safari yake itakayofuata tunakuja naye, ila nafasi mbele ipo ya mtu mmoja, wa pili atakaa juu ya mifuko ya saruji. Mama mkweo anasema mbele akae yeye, ana mikono ya hospitali. Mimi nasema nikae mimi, tumbo hilo lilitoka tumboni mwangu. Anasema mimi nitalia. Nasema yeye atamwaga maji yenu yote. Tunabishana tangu asubuhi, baba yako kaziba masikio kwa pamba za kinyozi. Ukitusikia tunapiga kelele hivi huko mlangoni kwako, usiogope, hatugombani. Tunasoma.

Mzigo tumefunga mmoja, nguo zangu na zake pamoja, na beseni, na sabuni kumi na mbili. Na mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao, nimeutengeneza mpya, mpana, unatosha watatu.

Dereva atalala kwenu usiku mmoja, atarudi. Kabla hajawasha gari mpe jibu, hata kwa karatasi ya sigara, hata maneno mawili, nimeshazoea. Useme tu ni nani akae mbele. Wa juu ya saruji awe yeyote, vilemba tumeshajifunga wote wawili.